Maji ya Nyumba ya Mwisho

Mama mkwe wangu aliitwa Mama Mwisho na kijiji kizima, wala hakulichukia jina hilo. Lilitokana na nyumba yake, iliyokuwa ya mwisho kabisa mteremkoni. Chini yake hapakuwa na kitu ila mawe na korongo. Kijiji chetu kilikuwa kidogo, cha mlimani, nyumba zimejipanga moja chini ya nyingine, hivi kwamba ukisimama mlangoni kwako unaliona paa la jirani wa chini, na jirani wa juu analiona lako. Wageni walikuwa wakifika, wanavuta pumzi ndefu, wanasema hewa safi hiyo, mmebahatika nyinyi. Mimi niliolewa pale nikakaa miaka, na nikiulizwa leo sipindishi maneno: pale palinitia kinyaa.

Kinyaa chenyewe hakikuanzia kwa mama mkwe. Yeye alikuwa mtu safi kupita kiasi, mrefu, mkavu, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Alilima kabichi na viazi kwenye matuta yaliyozuiwa kwa mawe, akafuga mbuzi wachache, lakini kazi iliyomjulisha kwa watu ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Aliirithi kwa mama yake. Kucha alizikata hadi kwenye nyama. Vitambaa vyake vya kazi vilichemshwa na kuanikwa peke yao, na ole wako uguse kimoja ufutie meza.

Alipoosha, aliongea nao. Mara ya kwanza nilipomsaidia kushika beseni nilimsikia anamwambia marehemu, "Haya dada, geuka kidogo tumalizie mgongo, usinilalie mkono." Nilitaka kucheka na kukimbia kwa wakati mmoja. Akaniona uso ulivyonishuka.

"Usiwaogope, mwanangu," akasema. "Hawa hawana shida. Hawasengenyi, na hawakuambii maji ni ya baridi."

Baadaye nilizoea. Sikuwahi kumwona akikunja uso mbele ya maiti, hata wale waliougua vidonda muda mrefu, ambao ndugu zao wenyewe walikuwa wanaingia chumbani wameziba pua. Kwake mwili ulikuwa mwili, unaoshwa, unakauka, unavikwa, basi.

Sasa maji. Maji ya kijiji yalitoka kwenye chemchemi moja, juu kidogo ya nyumba ya kwanza, yakashuka kwa mfereji mmoja uliopita kila mlango. Alichofanya wa juu, wa chini alikipata. Kwa hiyo kulikuwa na mpango wa tangu zamani: kuanzia alfajiri hadi jua liguse mwamba mkubwa wa katikati ya kijiji, mfereji ni wa kuchota tu. Hakuna kufua, hakuna kunawa miguu, hakuna kuosha sufuria wala kunywesha ng'ombe. Jua likishagusa mwamba, kila mtu ruksa na uchafu wake, maana hata wa mwisho ameshajaza mapipa. Ulikuwa mpango mzuri, hauhitaji polisi wala kikao. Ulihitaji aibu tu, na aibu ya kijiji kile alikuwa nayo mtu mmoja.

Mtu huyo tulimwita Bibi wa Juu, mama yake mwenyekiti wa kijiji, aliyekaa nyumba ya kwanza. Kila alfajiri alisimama kando ya mfereji na fimbo, akitazama mapaa yote chini yake, na sauti yake ilishuka mlima mzima: "Wewe wa bati jekundu, toa hilo karai. Nimekuona." Watu walimsema sana nyuma ya mgongo, kwamba ana kiherehere, kwamba hana kazi. Lakini karai lilitoka. Yeye na mama mkwe walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana tangu usichana wao, mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, na katikati yao kundi la watu waliowaogopa wote wawili.

Kisha Bibi wa Juu akapooza. Akalazwa kitandani, mdomo umeenda upande, hawezi kutamka neno. Mwanawe mwenyekiti, ambaye pia ndiye aliyekuwa mchinjaji, wakati huo alikuwa amepata wanunuzi wa nyama wenye pikipiki, wanaotaka mzigo mapema. Akaanza kuchinja alfajiri, papo hapo mferejini, matumbo yanaoshwa humo humo.

Nyumba ya pili ilipoona maji yamekuwa mekundu haikupanda kuuliza. Ilisema yameshaharibika, basi na sisi tufue. Nyumba iliyofuata ikaona damu na mapovu, ikasema kama ndiyo hivyo basi tusafishe banda. Wote hao walikuwa na miguu mizima na chemchemi iko karibu nao. Walipanda, wakachota maji yao safi juu ya mchinjaji, wakashuka wakamwaga machafu yao chini yake. Hakuna aliyemgombeza wa juu yake hata siku moja. Walitia pamba masikioni, wakavaa miwani ya mbao, wakaendelea kuulizana habari za asubuhi.

Yaliyotufikia sisi sina haja ya kuyapamba. Yalikuwa mazito. Yalikuja na utando wa mafuta juu, na chini yake vipande vya majani yaliyotafunwa na ng'ombe, ya kijani, vinanuka tumbo. Yalikuja na nywele za kichwani, ndefu, zimejisokota na povu la sabuni. Siku moja niliinua ndoo nikakuta kipande cha utumbo kimening'inia kwenye mpini, na nilitapika pale pale juu ya kabichi. Mama mkwe alikitoa kwa kijiti, akakizika, akanawa kwa majivu.

Nilikuwa nina mtoto mchanga. Kila siku nilimfunga mgongoni nikapanda hadi chemchemini na dumu, nikashuka nalo limejaa, na mvua ziliponyesha njia ile iliteleza kama imepakwa mafuta. Siku nilipoanguka nikateguka kifundo cha mguu, tulikaa ndani tukitumia ya mfereji, tukiyachuja kwa kitambaa na kuyachemsha. Kuchemsha gani huko. Unachemsha supu ya uchafu wa jirani. Mtoto akaanza kuharisha, akaharisha hadi utosi ukabonyea na macho yakaingia ndani, na nikamshika kifuani nikiwaza kwamba mama mkwe atakuja kumwosha na huyu.

Alipona, kwa bahati tu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya mawe, upande wa pili wa mlima, na alikuwa na chumba cha wafanyakazi chenye bomba nje. Akatuma neno tuhamie kwake sote. Mimi nilikuwa tayari hata bila viatu. Mama mkwe akakataa.

"Baba yenu nimemzika hapo nyuma ya nyumba," akaniambia. "Nimwache na nani?"

Kumwacha yeye peke yake, mzee, na maji yale, sikuweza. Na mtoto akishikwa tena sikuwa na hakika kama atatoka. Nikamwambia hivyo hivyo, machozi yananitoka. Akanisikiliza, akavaa gauni lake la kwendea msibani, akachukua bakora, akaanza kupanda kijiji. Nilimfuata nikichechemea na mtoto mgongoni.

Nyumba iliyokuwa juu tu ya yetu ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke wa maneno matamu, aliyetushonea nguo zote na kutuuliza hali kila siku.

"Mama, haki ya nani si mimi," akasema kabla hajaulizwa. "Mimi naosha nepi tu. Ile damu inatoka juu."

"Nepi unaosha saa ngapi?"

"Asubuhi. Lakini maji yananifikia yameshachafuka, mama. Sasa nisubiri nini?"

"Umemwambia wa juu yako?"

"Ah, yule? Tunasalimiana vizuri. Sitaki maneno."

Ikawa hivyo hivyo kijiji kizima. Kila mlango kiti, kila mlango pole sana kwa mjukuu, kila mlango kidole kinaelekea juu. Mwenye duka alimpa mtoto pipi, mtoto ambaye hakuwa na jino hata moja. Waliniudhi kuliko kama wangetutukana. Mtu akikutukana unajua mmeanza mazungumzo.

Mwenyekiti alitupokea vizuri, mikono imelowa damu hadi kwenye viwiko.

"Mama mdogo, karibu kiti."

"Sikai. Damu yako naikuta mlangoni kwangu, mwanangu. Mama yako angekuwa na miguu ungechinja hapo?"

"Mama ni mgonjwa," akasema kwa upole. "Na mimi nina kijiji cha kuangalia. Juzi tu tulikuwa na kikao. Niliwauliza watu, jamani kuna tatizo lolote? Wakapiga makofi. Hakuna aliyelalamika, mama mdogo. Sasa niwasikilize watu wote, au nikusikilize wewe?"

"Mjukuu wangu nusura afe."

"Watoto huharisha wakiota meno."

Mama mkwe alimtazama, akaingia chumbani kwa rafiki yake, akakaa kitandani akamshika mkono. Yule bibi alikuwa amesikia yote. Hakuweza kusema, lakini machozi yalimtoka upande mmoja wa uso, ule uliobaki mzima.

Tulipokuwa tunashuka nilisema, "Mama, tuhame."

"Yule hasikii mtu mmoja," akajibu. "Anasikia watu. Wakisema watu watatu tu mbele yake, ataacha. Na hawa watasema. Hawajayanusa tu. Wanayamwaga, hawayanusi."

"Na wasiposema?"

"Wasiposema nitafunga mizigo mwenyewe. Nipe nafasi hiyo moja."

Nikampa. Ningefanyaje?

Bibi wa Juu alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Mama mkwe alimwosha kwa maji ya chemchemi niliyoyachota mimi, yaliyopashwa moto kidogo, na alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Hakumtania kama alivyowatania wengine. Nilimsikia akimwambia mara moja tu, "Haya ni yale yale ya usichana wetu, hayajaguswa na mtu," kisha akaendelea kumpangusa vidole kimoja kimoja.

Kijijini kwetu siku ya msiba maji yote ya nyumba ile yalikuwa chini ya amri ya mwosha. Yeye ndiye aliyejaza pipa la mlangoni, na watu wakitoka makaburini yeye ndiye aliyewamiminia maji mikononi kabla hawajaenda kula. Hakuna aliyegusa jagi isipokuwa yeye. Maiti alipotolewa, wanaume wakaondoka na jeneza na wanawake wakafuata, mama mkwe alinivuta pembeni.

"Limwage pipa hilo," akasema. "Nenda ukachote kwetu."

Nilidhani uchungu umempanda kichwani. "Kwetu wapi, mama?"

"Mlangoni kwetu. Wamechinja ng'ombe wa msiba alfajiri hii. Yatakuwa yameiva."

Basi nikashuka nikachota. Nilipanda mteremko ule na madumu ya uchafu wao, yanatikisika na kunirushia matone shingoni, nikashuka tena, nikapanda tena. Nilikutana na waliobaki kupika. Walinipisha njia, wakanipa pole kwa kazi. Nilipomimina pipani, harufu ilipanda ikanikaba. Nzi walifika kabla sijaweka mfuniko. Moyoni nilikuwa na furaha mbaya, nasema kweli. Niliwaza, leo ndiyo leo, leo watapiga kelele mlangoni kwa mwenyekiti, mbele ya macho yake, na mtoto wangu atakunywa maji.

Wakarudi makaburini wamejipanga. Mama mkwe alisimama mlangoni na jagi, beseni chini, uso mkavu.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Alinyoosha mikono, maji yakamwangukia, na niliiona pua yake ikikunjamana. Aliyatazama yale maji. Akatazama mlango wa mwenyekiti, akatazama watu waliokuwa nyuma yake. Kisha akaisugua mikono taratibu, akaikung'uta.

"Asante, mama. Pole na kazi," akasema, akaenda zake kukaa mkekani.

Aliyefuata alinawa. Aliyefuata naye akanawa, amebana pumzi, mashavu yamemvimba. Mwenye duka alikuta unywele mrefu umemzunguka kidole. Aliuvuta polepole, akaukunja, akautia mfukoni mwa koti kama mtu anayeficha aibu ya mwenyeji wake. Mama mmoja aliinama akanong'ona, "Haya maji ni ya wapi?"

"Ya mfereji huu huu," mama mkwe akajibu kwa sauti ya kusikika.

"Aa. Basi yatakuwa yamelala tu pipani," yule mama akasema, akamaliza kunawa.

Walinawa wote. Kimya kama maji mtungini, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ilikuwa nyumba ya mwenyekiti na maji ya mwenyekiti, na nani atakuwa wa kwanza kukunja pua msibani kwa mkubwa. Na baada ya hapo, hili ndilo ambalo mpaka leo nikikumbuka mate yananijaa mdomoni, walienda mkekani wakala. Kwa mikono ile ile. Walimega viazi, wakachovya mchuzi, wakanyofoa nyama, na fundi cherehani aliramba vidole vyake hadi kwenye kifundo cha mkono. Nilitaka kupindua sinia. Niliwatazama midomo inavyong'aa mafuta nikaona hakuna tofauti kati yao na nzi wa kwenye pipa.

Wa mwisho alikuwa mwenyekiti. Alifika mbele ya jagi, akavuta hewa mara moja, na alijua. Yule alikuwa mchinjaji. Harufu ile ilikuwa yake.

"Mama mdogo," akasema kwa sauti ya chini, "haya umeyatoa kwako."

"Kwangu."

"Wamenawa wote?"

"Wote."

"Nani amelalamika?"

Mama mkwe aliliinua jagi. Mwenyekiti akanyoosha mikono yake mikubwa.

"Nimiminie na mimi," akasema. Akanawa vizuri, hadi katikati ya vidole, bila haraka. "Sasa umeona mwenyewe." Akaenda kukaa na watu wake, wakamsogezea kipande kinono.

Mama mkwe aliliweka jagi chini. Alizunguka nyuma ya nyumba na mimi nikamfuata, nikamkuta ameshika ukuta, anatapika. Miaka yote ile ya maiti na vidonda, hakuwahi kutapika. Alitapika hadi ikawa nyongo tupu, akajifuta kwa kiganja, akabaki ameinama.

"Nilidhani hawajui," akasema.

Tulishuka nyumbani bila kuaga. Alikaa kidogo kwenye kaburi la mumewe, akang'oa magugu mawili matatu, akainuka. Asubuhi yake tulikuwa tumefunga vyote vya kufungwa: magodoro, sufuria, vitambaa vyake vya kazi katika furushi lao la peke yao. Mbuzi tuliwafunga kamba. Njia ya kutoka kijijini ilikuwa moja tu, nayo ilipanda, ikapita kila mlango.

Watu walitoka kutuaga. Walisikitika sana, wakatushika mikono, na kila waliponiachia mkono wangu niliufuta kwenye nguo bila kujificha. Mfereji ulikuwa unapita kando yetu, umeshageuka rangi, na jua lilikuwa bado halijafika popote. Fundi cherehani alikuwa amechuchumaa na nepi zake. Alisimama, akakausha mikono kwenye gauni, na mara hii alikuwa na huzuni ya kweli.

"Mama, sasa na sisi tukifa, atatuosha nani?"

"Mikono mnayo," mama mkwe akamwambia, hakusimama. "Na maji mnayo. Mtaoshana."

Yule mwanamke akatazama chini mferejini, kwenye utando na nywele na povu lake mwenyewe, na uso ukamkunjamana.

"Kwa maji haya?" akasema. "Mama, kwa maji haya?"

Mama mkwe aliikaza kamba ya mbuzi mkononi, akaendelea kupanda. Tulikuwa bado na milango mingi ya kupita.